Mwenye Hoteli wa Kwanza ni Nani?

Liko neno moja ambalo limekuwa likinichoma kama mwiba tangu nilipostaafu na kupata wasaa wa kusoma. Neno lenyewe ni "mwasisi". Fungua kitabu chochote cha picha kuhusu Nairobi ya zamani, au kijitabu cha maadhimisho ya kampuni yoyote kongwe, nawe utalikuta. Fulani aliasisi hoteli ya kwanza, fulani duka la kwanza, fulani shamba la kwanza la kahawa. Ukisoma mno utadhani kwamba kabla ya watu hao wachache kushuka kwenye garimoshi hapakuwa na mtu aliyewahi kula wala kulala katika nchi hii. Mimi nimefanya kazi katika mahoteli ya Nairobi kwa miaka 27, kwanza jikoni na baadaye mapokezi, na kazi ya kumlisha mgeni na kumlaza naijua nje na ndani. Nadhani ninayo haki ya kusema neno juu ya mwasisi wa kazi hiyo.

Nianze na mtu ambaye simchukii hata kidogo. Jina lake ni Mayence Bent. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899, na kwa miaka michache mji ukawa kambi ya mahema na mabati juu ya tope. Mwanamke huyu wa Kizungu alikuwa mshonaji wa nguo na kofia za kike, akifanya kazi katika duka la Tommy Wood huko Victoria Street, mtaa ambao leo unaitwa Tom Mboya. Juu ya duka hilo palikuwa na vyumba vya wageni. Bibi Bent aliona kwamba kofia hazina wanunuzi wengi mahali ambapo wanawake wa Kizungu wanahesabika kwa vidole, lakini kila garimoshi linashusha watu wenye njaa na usingizi. Mwaka 1902 akaanzisha hoteli yake na kuipa jina la Stanley, yule msafiri mashuhuri. Mwaka 1905 moto ukaiteketeza. Hakukata tamaa, alihamia jengo jingine akaendelea. Baadaye, pamoja na mume wake wa pili, Fred Tate, akajenga hoteli kubwa zaidi kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na kwa kuwa palitokea ugomvi juu ya jina la zamani, hiyo mpya ikaitwa New Stanley. Hata sasa ukisimama kwenye kona ya Kimathi Street utaiona pale pale.

Mtu aliyewahi kuendesha hata gesti ya vyumba vinne anajua uzito wa jambo hilo. Maji ya kuoga yabebwe, mashuka yafuliwe, nyama isioze, mlevi atolewe bila kuvunja viti, na asubuhi chai iwe tayari kabla mgeni hajafungua macho. Tena yeye alikuwa mwanamke katika mji wa wanaume. Ajabu ni kwamba hata vitabu vya Wazungu wenzake humpa aya moja au mbili tu, kisha hukimbilia mabwana waliokuwa wakilewa na kufyatua bunduki mitaani. Hao ndio wanaopewa sura nzima. Basi kwa upande huo namtetea Bibi Bent bila kusita.

Hoteli hiyo ina kisa kingine ninachokipenda. Abraham Block, Myahudi kutoka Lithuania aliyepitia Afrika Kusini, aliwasili Kenya mwaka 1903 bila mali ya maana. Inasimuliwa kwamba alipata habari kuwa Bibi Bent ana shida ya magodoro, akakata nyasi, akazikausha, akashona magodoro na kumwuzia. Mwaka 1927 Block aliipata hoteli ya Norfolk, na mwaka 1947 akainunua New Stanley yenyewe, ile ile ambayo alianza kwa kuijazia nyasi vitandani. Ni hadithi nzuri, na sina sababu ya kuiharibu. Ninachouliza ni kitu kimoja tu: kwa nini hadithi ya namna hii, ya mtu aliyeanza na nyasi akaishia na jengo, iliwezekana kwa watu wa rangi moja tu?

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Wanaotumia neno "mwasisi" wanatuuzia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba nchi ilikuwa tupu. La pili ni kwamba mwasisi alikuja mikono mitupu.

Nchi haikuwa tupu. Wamaasai ndio walioita mahali hapo kwa jina la maji yake baridi, na ng'ombe wao walikunywa hapo. Mwendo mfupi upande wa magharibi, huko Dagoretti, misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilikuwa ikisimama kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Wanawake ndio waliobeba maharagwe, mahindi, viazi na ndizi kwenda kuwauzia wapagazi. Msafara mmoja ungeweza kuwa na mamia ya watu. Hebu jaribu kuwaandalia watu mia tatu chakula cha siku kumi, kisha uje uniambie kwamba biashara ya kumhudumia msafiri ililetwa na reli. Hiyo reli nayo ilijengwa na Wahindi wapatao 32,000, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Hata hao walikula na kulala mahali fulani, na kulikuwa na mtu aliyewapikia.

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Neno "hoteli" tumelikopa, lakini tulipolikopa hatukulichukua lilivyo. Mwananchi wa kawaida akikuambia "twende hotelini" hana maana ya kitanda. Ana maana ya chai, mandazi, maharagwe, karanga ya nyama na benchi la mbao. Mahali pa kulala tulipatafutia jina jingine: Kenya tukasema lojingi, Tanzania wakasema gesti. Kwa nini? Kwa sababu ile hoteli ya vitanda hatukuingia. Tuliona mlango wake wa nyuma tu. Tukalichukua neno tukalipeleka mahali tulipoweza kuketi, na kwenye mahoteli hayo ya mabati na moshi ndipo walipokula makuli, makarani, madereva na wafungwa waliotoka kufunguliwa. Wenyewe ni nani? Hakuna kijitabu cha maadhimisho kinachowataja.

Ama kuhusu mikono mitupu, niwieni radhi, lakini huo ni uongo. Mikono ya mlowezi ilikuwa na sheria ndani yake. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na ilitakiwa fedha taslimu, kwa hiyo mwanamume aliyekuwa na mashamba na mbuzi alilazimika kutoka kwenda kutafuta mshahara. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilimpa mlowezi uwezo wa kukodi ardhi kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikaongeza hadi miaka 999. Miaka 999! Baadaye, baada ya Vita vya Kwanza, kikaja kipande cha kuvaa shingoni, ili mfanyakazi asiondoke kwa mwajiri wake bila kuonekana. Basi mwenye hoteli alipohitaji mpishi, dobi, mchota maji na mkata kuni, watu walikuwa wamekwisha kuletwa mlangoni pake na serikali, tena kwa bei ambayo wao hawakuipanga. Mimi sisemi Bibi Bent ndiye aliyetunga sheria hizo. Nasema alizikuta, zikamfaa, na wanaomsifu huziacha nje ya hadithi.

Sasa niwaambie juu ya wenye nyumba wengine wa mji ule ule na miaka ile ile.

Kabla ya Pumwani kuanzishwa, Waafrika wa Nairobi waliishi katika vijiji vilivyoitwa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Sehemu kubwa ya wenye nyumba huko walikuwa wanawake. Wengi walikuja mjini peke yao, wakikimbia njaa, ndoa ngumu, au msiba wa ng'ombe kufa. Wakafanya kazi walizoweza kufanya, wakaweka akiba, wakajenga nyumba za udongo na miti zenye vyumba vilivyotazamana kwenye ujia mmoja, wakapangisha. Nyanya yangu, mama wa baba yangu, alikuwa mmoja wao. Nyumba yake ilikuwa Pangani, vyumba sita, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kubanjuliwa. Alilaza wapishi wa mahoteli, matopasi wa manispaa, na wageni wa siku moja waliokuja mjini kwa kesi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyanya alikuwa akicheka na kusema kwamba kwake jembe halipo, kwake siku ya kwanza unatoa kodi na unaonyeshwa choo kilipo. Hakujua kusoma. Hesabu za wapangaji alizitunza kwa mafundo ya kamba, kila chumba na kamba yake, na baba aliniambia hakuwahi kumsikia akigombana na mtu kwa kukosea hesabu.

Je, huyo hakuwa mwenye hoteli? Alikuwa na vitanda, alikuwa na wageni, alikuwa na chai asubuhi. Alichokosa ni hati. Manispaa ilipotenga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliruhusu Waafrika kujenga nyumba lakini ardhi ikabaki yake. Pangani hata ruhusa hiyo haikuwa imara. Ilikuwa ni kusubiri tu siku ya kubomolewa, na siku hiyo ilikuja mwaka 1939. Watu walihamishiwa mtaa mpya uliokuja kuitwa Shauri Moyo, ambako mwenye nyumba wa jana aligeuka kuwa mpangaji wa manispaa. Nyanya aling'oa madebe yake moja moja na mlango wa mbele, akavibeba kwa mkokoteni kwenda Pumwani kwa shoga yake. Mlango huo niliukuta mimi mwenyewe nikiwa mtoto, umegeuzwa meza.

Basi linganisheni. Wanawake wawili katika mji mmoja. Wote waliona kwamba reli imeleta watu wasio na pa kulala. Mmoja alipounguliwa na moto alihamia jengo jingine, akapanuka, na hatimaye hoteli ile ikauzwa kwa fedha. Mwingine hakuunguliwa na moto. Alibomolewa na sheria, na hakuwa na kitu cha kuuza. Tofauti yao haikuwa juhudi wala akili.

Najua watakaonijibu kwamba wanawake wa Pangani walikuwa malaya, na kwamba si heshima kuwaweka katika sentensi moja na mama mwenye hoteli. Jibu hilo nimelisikia hata kwa watu wa kabila langu, tena wazee wa kanisa. Ni kweli kwamba wengi wao walipata mtaji wao kwa njia hiyo. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wengi wao katika miaka ya 1970, na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1990, hakifichi jambo hilo. Lakini pia kinaonyesha walivyoitumia fedha hiyo: kununua mifugo ya wazazi wao na kujenga nyumba. Na mimi ninauliza, hoteli za Wazungu zilipata wapi mtaji wao? Kwenye baa. Ziliuza pombe kali mchana na usiku kwa wawindaji wa pembe na walanguzi wa ardhi, na hakuna mzee wa kanisa anayezikataa kwa ajili hiyo. Mgeni mashuhuri wa Norfolk mwaka 1909 alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuja kuua wanyama kwa mamia, na picha yake inaning'inizwa kwa fahari. Tarehe 16 Machi mwaka 1922, watu walipokusanyika karibu na hoteli hiyo hiyo kudai Harry Thuku afunguliwe, askari walifyatua risasi, na masimulizi ya wakati ule yanaeleza kwamba Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua zao. Serikali ilikiri maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa woga wao, aliuawa hapo. Kama ni kupima heshima ya nyumba za wageni, basi tupime zote kwa kibaba kimoja.

Wapo pia wenye kusema: hayo yamepita, sasa hoteli ni zetu, meneja ni wetu, mbona unafukua makaburi? Hao nawajibu kwa kisa changu. Hoteli moja niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, iliazimia kutoa kijitabu cha kuadhimisha miaka yake. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta picha na makaratasi ya zamani kwenye stoo. Humo nikapata daftari la mishahara la wakati wa ukoloni. Kila mtu ameandikwa jina moja tu na kazi yake: mpishi, dobi, mchota maji, boi wa bafu, boi wa meza. Boi, hata kama ana wajukuu. Wengine walikuwa wamedumu hapo zaidi ya miaka ishirini. Unaona jina lile lile ukurasa baada ya ukurasa, karani anabadilika, mwandiko unabadilika, mpishi ni yule yule. Nilikaa na daftari hilo jioni tatu nikanakili majina yote, nikayapanga kwa miaka waliyotumika, nikayapeleka ofisini yakiwa yamepigwa chapa. Kijitabu kilipotoka kilikuwa na kurasa nyingi za karatasi ya kung'aa. Picha ya wafanyakazi mbele ya jiko ilikuwemo, wanaume kumi na mmoja wenye kanzu nyeupe na tarbushi, na chini yake pameandikwa jina la meneja wa Kizungu na mkewe, kisha maneno matatu: "pamoja na watumishi". Aliyeidhinisha maneno hayo alikuwa Mwafrika mwenzangu, mtoto wa mpishi.

Ndiyo maana sikubali kwamba jambo hili limepita. Halijapita, limebadilisha rangi tu. Na mahali linapoonekana wazi zaidi ni huko kaskazini, nchi ambayo Mwingereza aliiita mpaka na kuifungia, ukitaka kuingia mpaka uwe na kibali.

Njia ya kutoka Isiolo kwenda Moyale niliisafiri mara kadhaa kabla haijatiwa lami. Tulipanda juu ya lori la mifugo au la magunia, tukashika vyuma, vumbi likatugeuza wote kuwa wa kabila moja. Safari iliweza kuchukua siku mbili au tatu, na ikinyesha hakuna aliyejua. Katika vituo vya njia hiyo, Merille, Laisamis, Turbi, waliotuweka hai ni kina mama wenye vibanda vya mikeka na makaratasi ya nailoni. Ukifika saa nane za usiku utakuta moto unawaka. Chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati, nyama ya mbuzi, na nyuma ya kibanda mkeka wa kujinyosha kwa bei ya kikombe cha chai. Walihifadhi barua za madereva, walikopesha, walijua ni lori gani limekwama wapi na nani amempiga nani risasi wapi. Maji yao walinunua kwa dumu, yakiletwa na punda. Mwenye hoteli wa mpakani, kwa maana yoyote mtakayoipa maneno hayo, ndiye huyo.

Lami ilikamilika katika muongo wa 2010, na ikawa neema kubwa. Sitaki mtu aseme naipinga barabara. Lakini pamoja na lami walikuja watu wenye hati. Katika mji mmoja wa njia hiyo nilikuwa mteja wa mama mmoja kwa miaka mingi. Nilipopita baada ya lami nikakuta kibanda hakipo. Mahali pake pana hoteli ya ghorofa mbili yenye ukuta na lango, na mapokezini imetundikwa picha ya mwenyewe pamoja na maelezo kwamba yeye ndiye mwasisi wa huduma za hoteli katika eneo hilo. Nikamwuliza meneja, kijana mwenye adabu sana, yule mama aliyekuwa hapa amekwenda wapi. Akasema, "Mzee, hapa palikuwa kichaka tu."

Mlinzi wa lango ndiye aliyenijibu. Alinitoa nje akanionyesha kwa fimbo, ng'ambo ya barabara, nyuma ya kituo cha petroli. Nilikwenda nikamkuta, amezeeka lakini sauti ni ile ile, ananiita "baba" kama alivyozoea. Ameweka wasichana wawili wa kumsaidia kukanda unga. Wapishi wa ile hoteli ya ghorofa huja kula kwake. Nilikunywa chai, nikala chapati mbili, na alipokuwa akinirudishia chenji akatoa karatasi kwenye mfuko wa buibui akaniomba nimsomee. Ilikuwa notisi ya kumtaka aondoke hapo katika muda wa siku kumi na nne.